Mwenye Maumivu ya Daima Amuulize Nani?

 

Darsa ya toleo hili imezaliwa na kikaratasi. Hapa Kimumu, kitongoji cha mji wa Eldoret kilichoko kwenye njia ya kwendea Iten, tuna darsa ya wanawake kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri. Desturi yetu ni kuwa mwenye suali huliandika pasi na kutia jina, akalitupa katika kikapu kilichoko mlangoni, nami huyajibu yote kabla ya Magharibi. Mwaka jana, mwezi wa Julai, ambao ni mwezi wa baridi katika nyanda hizi zilizoinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, nilikunjua kikaratasi kimoja kilichoandikwa kwa hati ya kizamani, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nikajua papo hapo kuwa mwandishi wake ni mtu wa kwetu pwani, tena mtu wa umri. Aliuliza: mtu asiyeweza kusujudu wala kusimama sana kwa sababu ya maumivu ya miguu yaliyomdumu miaka, je, sala yake ya kitini yasihi?

Nilimjibu kwa raha, maana jawabu ya suali hilo iko wazi. Sahaba Imran bin Huswein (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwendea Mtume (s.a.w.) kumuuliza habari ya sala yake, naye akamwelekeza kuwa asali kwa kusimama, na asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa kulala ubavu. Hadithi hii ameipokea Imam Bukhari. Nikaongeza kuwa wale wanaonung'unika msikitini kuwa wenye viti huharibu safu, wao ndio wenye kuharibu, kwani humfukuza mgonjwa katika jamaa kwa jambo aliloruhusiwa na Mtume mwenyewe.

Juma la pili kikaja kikaratasi kingine kwa mkono ule ule. Juu ya sala nimefahamu, Mwalimu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Na maumivu yenyewe, nimuulize nani?

Nilinyamaza mbele ya watu. Kisha nikasema yale tuyasemayo sote tukikosa la kusema: asubiri, kwani subira ina malipo makubwa. Nikafunga kitabu. Usiku ule sikupata usingizi mwema. Si kwa kuwa nililolisema ni uongo, kwani ni haki tupu, bali kwa kuwa mtu aliniuliza njia nami nikamtajia thawabu. Mtu akikusimamisha akakuuliza njia ya kwendea Makupa, humwambii kuwa kila hatua ya mwenda kwa miguu ina ujira, ukenda zako.

Nikaikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akaota ndoto ya kumwajibisha josho, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa naye anayo maji. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika, akasema kuwa wamemuua, na kwamba ilikuwaje wasiulize ilhali hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. Tazama, ndugu msomaji: watu wale hawakuwa na nia mbaya, wala hawakumnyima mwenzao chakula wala maji. Walimnyima elimu tu, tena elimu ambayo wenyewe hawakuwa nayo na hawakuitafuta. Nikajiona nafsi yangu miongoni mwao.

Basi nilianza kuuliza, na haya myasomayo ndiyo niliyoyapata.

Lakini kwanza niiondoe shubuha moja, kwa kuwa ndiyo izuiayo ndimi za watu wengi wema. Wapo wadhanio kuwa mwenye kusema naumwa amevunja subira yake. Dhana hii haina asili. Bibi Aisha (r.a.) alilalamika maumivu ya kichwa mbele ya Mtume, naye hakumkemea, bali alimjibu kuwa yeye pia kichwa kinamuuma. Ibn Masud aliingia kwake akamkuta na homa kali, akamwambia aonavyo kuwa homa ile ni nzito, na Mtume akakiri kuwa humpata yeye homa ya watu wawili. Khabbab bin Al-Aratt, aliyechomwa moto tumboni mara saba kwa tiba, aliwaambia waliomzuru kuwa lau si katazo la Mtume angalitamani mauti. Je, hawa hawakuwa wenye subira? Kulalamika kubaya ni kumlalamikia Mwenyezi Mungu kwa kukasirikia hukumu yake. Ama kumweleza tabibu, au mke, au mwana, au jirani, hiyo ni habari, na pasipo habari hapana msaada. Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio kitamfichua.

Na huyo Imran bin Huswein mtazameni tena, kwani watu huichukua hadithi yake wakamwacha yeye. Waandishi wa sira yake wanasema aliishi na maradhi ya tumbo miaka mingi huko Basra hata alipofariki mwaka wa 52 wa Hijra. Hakunyamaza. Aliuliza. Alijaribu tiba ya kuchomwa moto, na haikumfaa, naye mwenyewe akawaambia watu waziwazi kuwa hawakufaulu kwayo. Sisi leo tukijaribu dawa isitufae twaona haya kuisema, hasa tukiwa tumeilipia fedha nyingi, na jirani yetu akaenda kuinunua vile vile.

Mwandishi wa vile vikaratasi alijitambulisha baadaye kwa kinywa cha mkaza mwanawe. Ni bibi mwenye miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuja Kimumu kukaa na mwanawe. Jina lake nitalistiri. Maradhi yake yalianza kwa vidole vya miguu: usiku vyawaka kama aliyekanyaga makaa, na mchana vimekufa ganzi kama aliyevaa soksi asizozivaa. Kwa muda wa miaka minne aliambiwa ni baridi ya Eldoret. Kisha akaambiwa ni uzee. Kisha akatokea mtu akamwambia ni majini, akatozwa fedha ya mafuta na kombe. Katika duka la dawa alinunua vidonge vya maumivu viwili viwili, vitatu vitatu, hata tumbo likaanza kumuuma nalo. Mwanawe, kwa mapenzi, akamnunulia jiko la makaa awe akiota miguu. Usiku mmoja kisigino chake kikagusa jiko kikaungua, wala hakusikia, mpaka mjukuu aliposema kuna harufu ya nyama.

Kidonda kile ndicho kilichomfungulia mlango. Serikali ya Kenya mwezi wa Septemba 2023 iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake wenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Mmoja wao huzunguka mitaa yetu ya Kimumu. Alimchoma bibi kidole, akaona sukari iko juu mno, akampa barua ya kwenda zahanati, na zahanati ikamwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa mjini. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya Waafrika, na leo ni ya pili ya rufaa katika nchi, nayo ina jengo zima, la Chandaria, kwa ajili ya saratani na maradhi ya kudumu. Nilifuatana nao, nikakaa nje, kisha nikaitwa ndani nisikie kwa kuwa bibi alitaka nipate jawabu ya suali lake kwa masikio yangu.

Jawabu yenyewe ni hii. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, nayo huanza na ile mirefu kuliko yote, iendayo miguuni. Mshipa ulioharibika hufanya mambo mawili yanayoonekana kupingana: husema uongo kwa kupeleka habari ya moto pasipo moto, na hunyamaza penye moto wa kweli. Ndiyo sababu mtu huungua asijue. Vidonge vya kawaida vya maumivu havifai sana hapa, kwa kuwa vimekusudiwa jeraha na uvimbe, si mshipa ulioharibika. Zipo dawa nyingine zinazoituliza mishipa yenyewe. Mojawapo ni amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ambayo asili yake ilitumiwa kwa wagonjwa wa huzuni na hapa hutolewa kwa kipimo kidogo wakati wa kulala. Nalitaja hili kwa sababu wako watu waliosoma karatasi iliyomo ndani ya kisanduku, wakaona imeandikwa habari ya huzuni, wakasema: daktari anidhania nina wazimu, wakaitupa dawa. Wangalirudi wakauliza.

Mimi nilikuwa na suali langu la fiqhi juu ya udhu, na daktari, ambaye si Muislamu, alinijibu vizuri kuliko nilivyotaraji. Mwenye kisukari asitie miguu katika maji ya moto. Kwanza ayajaribu kwa kiwiko, au amwambie mwingine ayajaribu. Akimaliza kutawadha akaushe baina ya vidole, kwani unyevu huleta fangasi na fangasi hufungua kidonda. Kila siku aitazame nyayo yake, na asiyeweza kuinama atazamiwe na mjukuu. Asitembee pekupeku, hata kutoka mlangoni mwa msikiti hata birikani. Asiote miguu kwenye jiko. Nikamuuliza habari ya hijama, maana hapa mjini wako wapigao chuku mpaka nyayoni. Akasema mguu wa mwenye kisukari usichanjwe kabisa, kwa kuwa mkato mdogo waweza kuishia kwa kukatwa mguu. Hijama ni sunna, nasi hatuikanushi, bali Mtume (s.a.w.) hakutuamrisha kuipiga pasipofaa.

Miguu ya bibi haikupona. Nataka msomaji alifahamu hilo, kwa kuwa makala nyingi za dawa humaliza kwa kuponya. Kidonda kimefunga, na moto wa usiku umepungua kiasi cha kumwachia kulala saa tano au sita, naye alikuwa halali mbili. Maumivu yangalipo.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Matabibu wa leo huyaita maumivu ya daima yale yaliyopita miezi mitatu, na katika daftari la maradhi la Shirika la Afya Duniani lililoanza kutumika mwaka 2022 maumivu hayo yameandikwa kuwa ni maradhi yenyewe, si alama tu ya maradhi mengine. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilitengeneza upya tafsiri ya neno hilo, na miongoni mwa waliyoyaandika ni kuwa kauli ya mtu aliyesema anaumwa yapasa kuheshimiwa. Adhabu ya kaburi, walisema wazee, aijuaye maiti.

Twasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na maumivu ya siku chache ni mbiu kweli: umekatwa, umevunjika, umechomwa, mwili wapiga mbiu ili uutunze. Lakini hutokea mgambo akaendelea kupiga mbiu baada ya mwizi kukamatwa na mji kulala. Mishipa ya fahamu na ubongo huzoea kupiga mbiu, hata mguso mdogo ukawa mkubwa. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Melzack na Wall, walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo mna kama lango, na habari za maumivu hupita kwa wingi au kwa uchache kulingana na lango hilo lilivyo. Na hofu, na huzuni, na kukosa usingizi, na upweke, huliachia wazi. Elimu imeendelea sana tangu wakati huo, lakini mfano wa lango umebaki kuwa na faida. Basi mtu akipigwa picha ya mgongo isionekane kitu, haina maana kuwa asema uongo. Ni wangapi katika nyumba zetu wameitwa wavivu kwa sababu ya picha isiyoonyesha kitu! Na ni watoto wangapi wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi pwani kwetu na magharibi ya Kenya, walioitwa walegevu au waliorogwa, hali ya kuwa chembe za damu yao hugeuka umbo la mundu zikaziba mishipa, na maumivu yake humliza mtu mzima? Mtoto aliyaye mara kwa mara kwa mifupa na apimwe damu. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza idadi ya mashambulizi hayo, nayo yapatikana nchini.

Ama mgongo, ndio ulioenea kuliko yote. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwezi wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya daima yasiyo na sababu iliyojulikana, na wengi watastaajabu: umesifu mazoezi ya mwili, mafunzo ya kumwelewesha mgonjwa hali yake, kukandwa, na mashauri ya kuituliza nafsi, na mikanda ya kiuno, ambayo maduka yetu yamejaa, haukuisifu, wala dawa za jamii ya mofini kwa kiuno cha namna hiyo haukuzisifu. Kulala kitandani juma zima hudhoofisha misuli na maumivu yakazidi. Hospitali nyingi za kaunti zina wataalamu wa mazoezi ya viungo, nao huwa wamekaa wakingoja, watu wakipita mbele ya mlango wao kwenda dirisha la dawa.

Juu ya dawa zenyewe nitasema kwa ufupi. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mwenye kunywa pia dawa ya mafua atazame, kwani mara nyingi imo humo ndani, akawa anainywa maradufu bila kujua. Kuzidisha huua ini. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuchosha figo, hasa kwa mzee, na kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari. Si dawa za kununuliwa mbili mbili miaka minne. Na unga usio na jina uuzwao kwa jina la mitishamba, ukampa mtu nafuu ya ajabu kwa juma mbili: katika nchi mbalimbali unga wa namna hiyo umepimwa ukakutwa umetiwa dawa za hospitali kwa siri, nyingine za jamii ya steroidi, ambazo huvimbisha uso, hupandisha sukari, na kuziacha ghafula ni hatari. Mitishamba si haramu. Udanganyifu ndio haramu.

Na ziko alama ambazo mwenye kuziona asingoje darsa yoyote: mgongo uumao pamoja na miguu kulegea, au ganzi baina ya mapaja, au kushindwa kuzuia haja, maumivu yenye homa, maumivu yanayofuatana na kukonda kusikojulikana sababu. Aende hospitali upesi.

Sasa nimefika penye mlango mzito, nao ni mofini. Nimesikia kwa masikio yangu wana watu wazima wakikataa baba yao aliyekuwa na saratani asipewe dawa hiyo, wakisema ni kasumba, na kasumba ni haramu, na wataka afe akiwa na akili zake apate kutamka shahada. Baba yule alikufa akipiga kelele. Sikuulizwa, na lau ningaliulizwa wakati ule sijui ningalisema nini.

Leo nasema haya. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walilizungumza jambo hili kabla ya kuwapo hospitali. Walimtaja mtu mwenye mkono ulioharibika ambao hauna budi kukatwa, wakauliza kama yafaa apewe dawa ya kumwondolea akili asisikie. Na Imam Nawawi katika Rawdha akaona lililo sahihi zaidi ni kuwa yafaa. Ikiwa yafaa kuondoa akili yote kwa saa moja kwa ajili ya mkono, vipi isifae kutuliza maumivu ya saratani kwa kipimo ambacho mara nyingi hakimwondolei mtu akili? Mgonjwa anyweshwaye mofini kwa kipimo cha tabibu, baada ya siku chache za usingizi, mara nyingi huzungumza na watu, hula, na husali. Mwenye kupiga kelele usiku kucha ndiye asiyeweza kukusanya moyo wake kwa shahada. Na wale wamtajao Urwa bin Zubair, aliyekatwa mguu akakataa dawa ya kumlewesha, nawaambia kuwa lile lilikuwa chaguo lake juu ya mguu wake; hakumchagulia baba yake.

Aliyewafundisha matabibu wa zama zetu kuitoa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, ni daktari wa Kiingereza Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967. Yeye alisema kuwa maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, na ya nafsi, na ya jamaa, na ya roho, yote kwa pamoja. Hospisi si nyumba ya kupeleka watu wakafe, kama wengi wadhanivyo. Ni watu wenye kutuliza, na mara nyingi humfuata mgonjwa nyumbani kwake. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Daktari wake wa kwanza, Anne Merriman, alikwenda Kampala mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda, ambako unga wa mofini huchanganywa na maji ukatiwa katika chupa, dawa rahisi mno. Na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Kwetu Kenya, shirika la Human Rights Watch lilipochunguza mwaka 2010 lilikuta hospitali za serikali zilizokuwa na mofini ya kunywa ni za kuhesabika kwa vidole. Hali imekuwa nzuri kuliko hapo, lakini bado mtu hulazimika kuuliza, na kuuliza tena. Na asije mwenye kuumwa kiuno akasema Sheikh ameihalalisha mofini, akaenda kuitafuta: huko Marekani dawa za jamii hiyo zilipogawiwa ovyo tangu miaka ya 1990 ziliua watu kwa malaki.

Yabaki suali la bibi: amuulize nani? Aanze na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, au zahanati iliyo karibu, apate barua ya rufaa. Na kabla ya kuugua ajiandikishe katika SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024. Aliye Mombasa aende Hospitali Kuu ya Pwani. Mwenye saratani au maradhi mazito aulizie Coast Hospice. Aliye huku kwetu, ipo Eldoret Hospice. Na mahali pengine popote nchini, jumuiya ya hospisi za Kenya, KEHPCA, ndiyo ijuayo iliyo karibu. Aende na daftari. Bibi wetu alianza kuandika, kwa zile herufi zake za Kiarabu, maumivu yameanza saa ngapi, yamekaa muda gani, alikula nini, alikunywa dawa gani, ikamfaa au haikumfaa. Mkaza mwanawe akamsomea daktari. Daktari alisema daftari lile lilimfaa kuliko suali lolote ambalo angalimuuliza kwa dakika kumi alizo nazo kwa kila mgonjwa.

Na kwa ajili ya msaada wa siku zote, ambao daktari hawezi kuutoa, tumeiga jambo tulilolikuta huku huku. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, hospitali hii na vyuo vya Marekani, ulianza kwa tiba ya ukimwi; baadaye katika vijiji vya magharibi ya Kenya ukawakusanya wenye kisukari na shinikizo la damu katika vikundi, wakawa waweka akiba pamoja na kupimwa pamoja, mahali pamoja. Kikundi ni kitu tukijuacho toka zamani; nani katika mji wa pwani asiyejua chama cha akina mama? Basi sasa, baada ya darsa ya Alhamisi, wenye maradhi ya kudumu hubaki nusu saa. Huchanga kidogo kwa nauli ya atakayekwenda kliniki juma lile, na mmoja hufuatana naye, kwa kuwa mwenye maumivu husahau nusu ya aambiwayo. Husema dawa iliyowafaa na isiyowafaa. Mimi hutoka nje. Wana yao ya kusema nisiyopaswa kuyasikia. Wauguzaji pia hubaki, kwani nao wamechoka, na mkaza mwana wa bibi aliniambia kuwa siku ya kwanza alilia zaidi ya mkwewe.

Wanaume hawajaja hata mmoja. Nao ndio niwaonao kila alfajiri wakishika kiuno wakiinuka katika sijda.

Bibi amerudi kwao Mombasa mwezi wa Januari pamoja na barua yake ya rufaa na daftari lake la pili. Kikapu kingali mlangoni. Juma lililopita mlikuwa na vikaratasi vitatu, vyote juu ya saumu ya mtu anywaye dawa mara tatu kwa siku. Nimevipeleka kwanza hospitalini, na zikirudi jawabu nitaziandika pamoja na hukumu zake katika toleo lijalo, inshaallah.